Namba ya Simu Unahama Nayo, Kwa Nini Jina Lako la Mtandaoni Ulipoteze?

Wadau wa Tukuyu na Rungwe yote, stori ya mjini mnayo tayari. Yule dada yetu wa vichekesho vya Kinyakyusa, jina tunamhifadhia, akaunti yake imedukuliwa. Aliyeiteka kaanza kuomba hela kwa jina lake: "mama kalazwa, nitumie chochote." Mashabiki wakatuma. Dada kalalamika kwa wenye mtandao, kajibiwa na roboti. Leo kaanza upya na wafuasi wasiofika mia mbili, na kila akiposti anaitwa tapeli.

Wengi mnasema ni uzembe, neno la siri lilikuwa jepesi. Inawezekana. Ila mimi naona tatizo kubwa ni kwamba lile jina halikuwa lake. Alikuwa ameazimwa tu.

Tukumbushane kitu. Zamani ukitaka kuhama kampuni ya simu, namba unaiacha. Unaanza kumpigia mteja mmoja mmoja, "hii ndo namba yangu mpya." Machi 2017 TCRA ikaanzisha utaratibu wa kuhama na namba yako. Leo muuza parachichi wa Kiwira akichoshwa na mtandao wake anahamia mwingine, na wateja wanampata palepale. Sasa jiulize, nani kaziagiza kampuni za mitandao ya kijamii zikuruhusu kuhama na wafuasi wako? Hapa kwetu sijamsikia.

Na siyo wadukuzi tu. Mei 20, 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ilidukuliwa ikaposti uzushi, na siku hiyohiyo X ikaanza kugoma kufunguka nchini. Wenye VPN wakapenya, japo nazo TCRA ilishataka zisajiliwe tangu Oktoba 2023. Aliyekuwa na jina X peke yake, kazi na dili zake zikasimama bila yeye kukosea chochote.

Ndo maana nawaambia muitazame mitandao ya aina nyingine. Kuna Mastodon, ipo tangu 2016. Programu yake iko wazi, mtu au kikundi chochote kinaweza kuendesha seva yake, na seva hizo zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Ukihama seva moja kwenda nyingine wafuasi wanakufuata, ingawa posti za zamani zinabaki kule. Kuna Bluesky pia, iliyofunguliwa kwa watu wote Februari 2024. Hii inakuruhusu kutumia anwani ya tovuti yako kama jina la akaunti. Yaani ukiwa na anwani yako inayoishia na .co.tz, hiyo ndo inakuwa jina lako.

Dada yetu angekuwa na jina la namna hiyo, tapeli angeweza kuiteka akaunti na wafuasi waliomo, lakini dada angelielekeza jina lake kwenye akaunti mpya. Tapeli angebaki na akaunti isiyo na jina lile, na mashabiki wangejua yupi ni yupi.

Najua mtasema, "nihamie huko nikamchekeshe nani?" Kweli, watu wetu bado hawapo huko. Na Oktoba 29, 2025 intaneti yenyewe ilipozimwa, hakuna programu iliyomsaidia mtu. Pia anwani inalipiwa kila mwaka, ukisahau inaweza kuchukuliwa na mwingine.

Kwa hiyo sisemi muhame leo. Baki palipo na watu wako, ila nunua anwani yako, iandike kwenye kila akaunti uliyonayo, na waambie mashabiki mapema: nikipotea, nitafuteni hapa. Pakua nakala ya kazi zako, usiiachie kampuni peke yake. Fungua akaunti huko pembeni kabla mwingine hajalichukua jina lako. Kama una hela ya bando la kuposti kila siku, na hii ihesabu ni gharama ya kazi.

Sasa swali kwenu. Akaunti yako ikitekwa usiku wa leo, kesho asubuhi mashabiki watajuaje kwamba wewe ndo wewe? Tupia jibu lako hapo chini.