Tuanze na Mjumbe, Kisha Programu

Katika mazoezi ya kufundisha tumeshuhudia mara nyingi kosa moja. Mwanachuo huandika ubaoni programu ya kuomba ukurasa wa tovuti kupitia seva wakala. Wanafunzi huinakili, naye huridhika kuwa amefundisha. Sisi twaona kuwa somo lenyewe bado halijaanza.

Seva wakala ni mjumbe: hupokea ombi letu, hulipeleka kwenye tovuti, kisha hutuletea jibu. Soketi ni ncha ya njia ambayo programu hupelekea na kupokea maneno. Basi, soketi ifunguliwe kwa mjumbe, aghalabu katika mlango namba 8080 au 3128, wala si kwa tovuti. Na kwa kuwa mjumbe lazima aagizwe aendako, mstari wa kwanza wa ombi hutaja anwani nzima:

GET http://example.com/ HTTP/1.1
Host: example.com

Mstari mtupu hufuata, kuonyesha kuwa ombi limekwisha.

Haya yaigizwe kwanza. Wanafunzi watatu wawe Mteja, Mjumbe na Tovuti. Mteja aandike, "Niletee ukurasa wa kwanza," bila kusema wa nani. Mjumbe atasimama katikati ya darasa akitazama huku na huku. Wenzake watacheka, na katika kicheko hicho kanuni itaeleweka.

Kisha Mjumbe aisome kwa sauti barua isiyofungwa. Hapo pana jambo zito. Ombi la http hupita wazi mbele ya wakala. Kwa https, mteja humwambia wakala CONNECT example.com:443, naye hufungua njia na kupitisha maandishi ya fumbo. Ajua yaendako, lakini hayasomi.

Watakuwapo watakaosema kuwa maigizo hupoteza dakika za kipindi. Twawajibu kuwa aliyenakili tu hushindwa siku programu inapokataa kufanya kazi. Tena, mwalimu asiyejua mjumbe aona nini aweza kupitisha nywila za wanafunzi wake kwa wakala asiyemfahamu.

Ndugu wanachuo, siri ya mtungi aijuaye kata. Kabla hamjamkabidhi mjumbe barua ya mtoto, mfundisheni mtoto huyo kuuliza: je, imefungwa?