Nyavu za Dunga na Haki ya Kijana

Wanamageuzi wenzetu, marehemu Askofu Henry Okullu alipodai vyama vingi mwaka 1990, sisi wa Kisumu tulielewa kuwa haki haikomi kwenye sanduku la kura. Na imfikie pia kijana wa Nyalenda aliyeshikwa na nyavu za wizi kule Dunga.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yakataza mtoto kuzuiliwa ila kama hatua ya mwisho. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, ikaruhusu shauri la mtoto liondolewe mahakamani: akiri kosa pasipo kushurutishwa, aombe radhi, afidie.

Wako wasemao huko ni kumdekeza mwizi. Tunawauliza: kijana akitiwa rumande, mvuvi hupata nini? Huitwa kortini, hupoteza siku ya kuvua, kesi huahirishwa. Lakini kijana aketi mbele yake, wazazi wakiwapo, asikie jinsi watoto wa mvuvi walivyolala njaa, kisha azishone nyavu hizo majuma kadhaa; hilo ni zito kuliko kiboko. (Kiboko chenyewe kilikwisha kufutwa kisheria, ingawa wapo wasiotaka kusikia.)

Twasema juu ya wizi mdogo na ugomvi. Ubakaji na mauaji ni ya mahakama.

Kinachokosekana ni mahali pa kuketi. Kumbi nyingi za makanisa yetu hufungwa Jumatatu hadi Jumamosi. Wachungaji wazifungue, na maofisa wa watoto waalikwe.