Bongo Ni Karibu Ule Bata, Si Ukam Kuhustle

Msee, form ya Dar si ngumu. Viza hauhitaji, beba tu pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Mihogo ya Coco Beach na pilipili, bichi za Kigamboni, kisha magofu ya Kaole kule Bagamoyo. Utaenjoy.

Ngori ni kutafuta doo huko. Tangu Julai 2025, Tanzania Bara imepiga wageni marufuku kwa biashara 15: saluni, wakala wa pesa za simu, hata kuongoza watalii. Ukishikwa, faini haipungui milioni 10 za kwao, ama jela hadi miezi sita. Na eti tuko soko moja la Afrika Mashariki tangu 2010! Hiyo ni madharau, tusidanganyane. Kama wewe ndio hupelekanga mbogi trip, tafuta gaidi wa huko na umlipe vizuri.