Redio husikika na wote, taarifa huwafikia wachache

RUSIZI – Mfanyabiashara anayevuka daraja la Rusizi ya Kwanza kwenda Bukavu na kikapu cha nyanya huwa amesikiliza redio kabla ya kufika forodhani. Upande huu kuna redio ya jamii ya RBA inayotangaza kwa Kinyarwanda. Ng'ambo kuna Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, yenye habari za Kifaransa na Kiswahili. Kusikia si tatizo. Kazi inaanza pale taarifa inapotaja masharti.

Kila lugha ina wasikilizaji wake. Kifaransa kinaeleweka kwa waliofika sekondari kabla ya 2008, mwaka ambao Rwanda iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Kiingereza ni cha vijana waliosoma baada ya hapo. Mama wa miaka hamsini aliyeacha shule darasa la nne hana hiki wala kile. Kiswahili anacho, na hakukipata darasani. Alikipata sokoni, Kamembe na Bukavu, kwa kupatana bei. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, lakini bado kinatazamwa zaidi kama lugha ya mikutano ya Jumuiya kuliko ya muuza samaki.

Hasara yake ilionekana Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Korona. Tangazo lilikuwa fupi: watu hawavuki, mizigo inapita. Aliyezoea lugha ya serikali alielewa kwamba yanayozungumziwa ni malori. Lakini kwa anayebeba kichwani, kikapu nacho si mzigo? Baadaye wafanyabiashara wadogo walianza kuunganisha bidhaa zao ili zivushwe kwa gari moja, jambo ambalo maelezo mazuri zaidi yangeweza kuliharakisha.

Swali hilo limerudi kwa sura nyingine. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na Jumuiya ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Maneno "asili ya bidhaa" peke yake humtisha asiyesoma, ingawa maana yake ni kuonyesha nyanya zililimwa wapi. Dakika tano za redio alfajiri, kwa Kiswahili cha sokoni, zikitaja karatasi inayoombwa na dirisha inapotolewa, zingemfaa kuliko mjadala wa saa nzima usiku kuhusu itifaki ya soko la pamoja.