Mafuriko ya Iyunga Hayaonekani Kutoka Angani

Walioandika kwamba setilaiti zimevistaafisha vipimamvua na vipimo vya kina cha mito, waje Iyunga, jijini Mbeya. Bonde la Kyela likifurika maji ya mito ya Kiwira na Songwe, rada ya setilaiti ya Sentinel-1 huyaona hata mawingu yakitanda. Hilo halina ubishi, na ramani yake huwafaa waokoaji. Lakini setilaiti moja ya aina hiyo hurudi njia ile ile baada ya siku 12, ilhali kijito cha mjini, kama cha Iyunga, hujaa na kupwa ndani ya saa chache, tena ndani ya mfereji ambao nukta ya picha yenye upana wa mita 10 huumeza pamoja na mabati ya majirani.

Watajibu: zipo setilaiti za mvua, zenye makadirio ya kila nusu saa. Naam, zipo, ila kisanduku kimoja cha makadirio hayo kina upana wa kilomita 10 hivi, mteremko na bonde vyote humo humo, na kwa kawaida takwimu hufika saa kadhaa baadaye. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka mlima Kawetele, kata ya Itezi, jijini Mbeya, likafukia nyumba na majengo ya shule. Picha ya angani hulionyesha kovu kama hilo vizuri sana, likishakuwa kovu. Wa kumtoa mtu kitandani mapema ni mwenyekiti wa mtaa mwenye namba za simu za kaya zake na msomaji wa kipimamvua mlimani. Na bila kipimamvua hicho, makadirio ya setilaiti hayana cha kusahihishiwa.