Waacheni Mabinti wa Seoul na Hanbok Zao

Nimerudi salama kutoka Seoul, Korea Kusini. Tulikuwa waandishi tisa kutoka nchi mbalimbali, mchana tukizunguka makasri ya kale, usiku... ya usiku nitayasema kwa kiasi. Ila kuna hoja moja imenikaa kooni, lazima niitoe.

Kasri la Gyeongbokgung lilijengwa mwaka 1395. Liliungua mwaka 1592 wakati wa uvamizi wa Wajapani, likaja kujengwa upya mwaka 1867. Kisha wakoloni wa Kijapani wakabomoa sehemu kubwa na kupachika jengo lao la utawala mbele yake, lililokamilika mwaka 1926. Wakorea walilivunja jengo hilo mwaka 1995 na 1996. Sehemu yenye machungu kiasi hicho ungetegemea watu wapite kimya kama msibani. Wapi! Tulikuta uwanja umefurika vijana ndani ya hanbok, vazi lao la asili: kikoti kifupi na sketi pana kwa wanawake, suruali pana kwa wanaume. Maduka ya kukodisha yako kila kona, na ukiivaa unaingia kasri bure. Nasi tukakodi. Mwenzetu mmoja mrefu kama mlingoti suruali ilimuishia chini kidogo ya magoti, tukacheka mpaka basi.

Kumbe mambo haya yana wapinzani. Hanbok nyingi za kukodi zimetiwa lesi, nakshi za dhahabu, na waya ndani ili sketi ivimbe kama gauni la harusi. Mwaka 2018 wakuu wa wilaya ya Jongno, yalipo makasri hayo, walipendekeza wanaovaa hizo za kisasa wasiingie tena bure. Mwaka 2024 mkuu wa taasisi ya taifa inayotunza urithi naye akalalamika kwamba zinapotosha vazi halisi.

Hoja yao naielewa. Fundi anayeshona kwa mkono hawezi kushindana kwa bei na nguo ya kiwandani, na mgeni anarudi kwao akiamini ameona hanbok ya kweli. Lakini mimi niko upande wa mabinti. Sababu niliipata usiku, kwenye bakuli la pombe.

Soko la Gwangjang lilianza mwaka 1905. Usiku mnabanana kwenye mabenchi, mbele yenu chapati za choroko zinachemka kwenye mafuta, na mezani kuna makgeolli: pombe ya mchele, nyeupe kama maziwa, tamu yenye uchachu. Hujimiminii mwenyewe, unammiminia mwenzio. Mkubwa wako unammiminia kwa mikono miwili, na unapokunywa mbele yake unageuza uso pembeni. Mama muuzaji wateja wanamwita "imo", yaani mama mdogo. Hapo nikajiona niko nyumbani kabisa.

Sasa sikia historia yake. Pombe hii ilipikwa majumbani, kila familia na mkono wake. Wajapani wakaleta kodi na leseni, na mwaka 1934 wakapiga marufuku kabisa kupika nyumbani. Wakoloni wakaondoka mwaka 1945, marufuku ikabaki. Miaka ya 1960 chakula kilikuwa haba, serikali ikakataza kupika pombe kwa mchele, watengenezaji wakahamia unga wa ngano. Ladha ikapotea, watu wakakimbilia bia na soju. Mwaka 1995 ndipo kupika nyumbani kukaruhusiwa tena. Leo vijana wanaipika upya, wengine wanaitia matunda, baa za mjini zinajivunia aina kwa aina. Mwaka 2021 utengenezaji wake ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa taifa.

Mnaona? Amri ndizo zilizoiangusha makgeolli. Iliinuka pale watu walipoachiwa waichezee. Na vazi ni hivyo hivyo. Binti anayekodi hanbok yenye vimetameta leo, kesho anaweza kumtafuta fundi amshonee ya harusi. Asiyewahi kuivaa hamtafuti fundi yeyote. Kama wakubwa wa Seoul wana uchungu na mafundi, wawasaidie nguo zao zifike kwenye maduka ya kukodi kwa bei ya mwanafunzi. Kumtoza kiingilio binti mwenye lesi hakutamwongezea fundi hata mteja mmoja.

Nasi huku Bongo tujiulize. Ngoma tunazitoa kiongozi anaposhuka kwenye ndege, mbege tunawaachia wazee, halafu kijana akichanganya ngoma ya kwao na biti za kisasa tunamwambia anaharibu mila. Anaiharibu, au ndiye peke yake anayeikumbuka Ijumaa usiku?

Naomba kutoa hoja.