Mazungumzo ya Jamaa: Kidole Kimoja, Risasi Ngapi?



Wiki hii twataka kuzungumza nanyi juu ya shauri la nchi ya Marekani. Huenda mtu akasema: «Mambo ya Marekani yatuhusu nini sisi watu wa Kongo?» Lakini jamaa nyingi za kwetu zina mtoto, ndugu ama mjukuu aliyehamia huko, na wengi wao walipokelewa kama wakimbizi wa vita. Katika nchi ile bunduki huuzwa madukani kwa watu wote walioruhusiwa na sheria. Pamoja nazo huuzwa vyombo vidogo vinavyoifanya bunduki ipige upesi kupita desturi yake. Kijana akinunua chombo cha namna hiyo bila kuuliza, aweza kujikuta gerezani kwa miaka mingi. Kwa hiyo yafaa tulijue jambo lenyewe tangu mwanzo wake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kifyatulio ni ule ulimi wa chuma unaovutwa kwa kidole ili bunduki ilie. Bunduki nyingi za raia wa Marekani hujipakia zenyewe: risasi moja ikiisha kutoka, nyingine huingia mahali pake. Lakini kila risasi yahitaji kidole kivute tena. Bunduki ya rashasha ni namna nyingine. Mtu akivuta mara moja na kushikilia, risasi hutoka mfululizo mpaka alegeze kidole au risasi zimwishie. Watu wa Kivu hawahitaji kuelezwa sauti yake.

Zamani rashasha ziliuzwa Marekani bila kizuizi kikubwa. Wanyang'anyi wa miji mikubwa wakazitumia. Tarehe 14 Februari 1929, katika mji wa Chicago, watu saba waliuawa ndani ya gereji moja kwa silaha za namna hiyo. Mwaka 1934 Bunge la Marekani likatunga sheria: kila rashasha iandikishwe kwa serikali, na kila anayeipokea kwa mwingine ilipiwe kodi ya dola 200, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Sheria hiyo ilieleza rashasha kuwa ni silaha inayotoa yenyewe risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la kifyatulio. Mshike maneno haya, «tendo moja la kifyatulio», kwa maana magomvi yote ya siku hizi yametoka humo.

Mwaka 1968 Bunge liliongeza jambo jingine. Hata mkusanyiko wa vipande vilivyotengenezwa kwa kusudi la kugeuza bunduki ya kawaida kuwa rashasha, wenyewe uhesabiwe kuwa rashasha. Maana yake, mtu aweza kuhukumiwa kwa kukutwa na vipande tu, hata kama hakupiga risasi hata moja. Kisha mwaka 1986 Bunge lilikataza raia kumiliki rashasha yo yote ambayo haikuwa imeandikishwa kwa halali kabla ya sheria hiyo. Mwenye kuvunja katazo hilo aweza kufungwa hadi miaka 10, na kutozwa faini hadi dola 250,000.

Sasa mafundi wakatafuta njia ya kupita kando ya sheria. Wengine walitengeneza kitako cha bunduki kinachoteleza. Bunduki ikilia, nguvu ya risasi huirudisha nyuma ndani ya kitako; mkono wa mbele huisukuma tena mbele; na kifyatulio hujigonga chenyewe kwenye kidole kilichotulia. Hivyo hutoka risasi kwa mwendo wa 400 hadi 800 kwa dakika. Mwaka 2010 idara ya serikali inayosimamia silaha na baruti, iitwayo ATF, ilijibu kwa barua kwamba chombo kimoja cha namna hii si rashasha. Watu wakanunua kwa wingi, wakijua kwamba serikali imekubali.

Ikafika tarehe 1 Oktoba 1997? La, ni karibu zaidi na siku zetu: mwaka 2017. Katika mji wa Las Vegas watu zaidi ya 20,000 walikuwa uwanjani usiku wakisikiliza muziki. Mtu mmoja aliyejificha katika hoteli, ghorofa ya 32, aliwapiga kwa bunduki, na nyingi kati ya bunduki zake zilikuwa na vitako vile vya kuteleza. Kwa muda wa dakika kumi hivi alitoa risasi zaidi ya 1,000. Watu 58 walikufa katika shambulio lile, na wawili wengine walikufa baadaye kwa majeraha yao. Zaidi ya watu 400 walijeruhiwa kwa risasi. Jamaa hizo zilizofiwa hazikuuliza kama kifyatulio kilitenda mara moja au mara elfu.

Baada ya msiba huo serikali ilibadili shauri lake. Mwezi wa Desemba 2018 ilitoa amri kwamba vitako hivyo ni rashasha. Wenye navyo walipewa siku 90 kuviharibu ama kuvikabidhi, mpaka tarehe 26 Machi 2019, wala hawakulipwa fidia. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba huenda vilikuwapo hadi 520,000 mikononi mwa watu. Angalieni hatari yake: mtu aliyenunua kwa halali, akakiweka kabatini na kukisahau, asubuhi moja aliamka akiwa mvunja sheria.

Mwenye duka la bunduki wa mji wa Austin, katika Texas, alikabidhi vitako vyake viwili, kisha akaishtaki serikali. Shauri lake lilipanda mpaka Mahakama ya juu kabisa. Tarehe 14 Juni 2024 majaji sita kati ya tisa walimpa haki. Walisema kwamba kwa kitako hicho kifyatulio hurudi na kutenda upya kwa kila risasi, basi hakuna risasi nyingi kwa tendo moja. Idara ya serikali haiwezi kupanua maneno ya Bunge. Majaji watatu walikataa, wakiona kwamba mtu hutenda jambo moja tu kwa mkono wake, na risasi humiminika kama za rashasha. Jaji mmoja miongoni mwa wale sita alikumbusha kwamba Bunge lenyewe laweza kubadili sheria likipenda.

Shauri la pili lilihusu kifyatulio kinachorudishwa kwa nguvu. Hapa hakuna kitako cha kuteleza. Kila risasi ikitoka, chuma cha ndani hukisukuma kifyatulio mbele, hata kama kidole kingali kinakaza, na mara hiyo chaweza kuvutwa tena. Mwaka 2021 ATF ilisema kwamba kifyatulio cha namna hiyo, kilichouzwa na kampuni ya Rare Breed Triggers, ni rashasha. Viwanda, maduka na wanunuzi wakaingia mashakani. Jaji mmoja wa New York aliizuia kampuni isiuze. Jaji mwingine wa Texas, mwaka 2024, alisema serikali imekosea. Mwisho, mwezi wa Mei 2025, serikali ilipatana na kampuni. Serikali iliacha mashtaka na kukubali kurudisha vilivyokamatwa. Kampuni iliahidi kutotengeneza vya bastola. Majimbo kadhaa hayakuridhika, yakaenda mahakamani kupinga kurudishwa huko.

Basi, je, mambo yamekwisha? Hata kidogo. Marekani ina sheria za taifa na sheria za majimbo, na kila jimbo lina mamlaka yake. California na Massachusetts zakataza vyombo vya kuongeza mwendo wa risasi. Florida, ambako bunduki hupatikana kwa urahisi, ilikataza vitako vya kuteleza mwaka 2018, baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya mji wa Parkland. Hukumu ya mwaka 2024 haikufuta sheria hizo za majimbo. Mtu aweza kuwa na chombo kwa halali nyumbani kwake, akavuka mpaka kwa gari kumtembelea dada yake, na huko kikawa kosa la jinai. Tena, vile vidude vidogo vinavyofungwa nyuma ya bastola ili ipige mfululizo havikuguswa na hukumu wala na mapatano. Hivyo ni rashasha mbele ya sheria ya taifa, na kifungo chake ni kile kile cha hadi miaka 10.

Kwa wageni hatari ni kubwa zaidi. Asiye na ruhusa halali ya kukaa nchini hakubaliwi na sheria ya taifa hata kushika bunduki ya kawaida. Na mwenye ruhusa, lakini hajawa raia, akihukumiwa kwa kosa la silaha aweza kunyang'anywa ruhusa hiyo na kurudishwa alikotoka. Fikirini mama aliyetembea kwa miguu na watoto wake akikimbia risasi, akangoja kambini miaka mingi, kisha mwanawe arudishwe kwa sababu ya kipande cha chuma kilichonunuliwa kwa kujifurahisha.

Kwa hiyo, ninyi wazazi mlio na watoto huko, waandikieni maneno matatu. La kwanza: maneno ya muuzaji si ngao. Akisema «hiki ni halali», hatakwenda gerezani badala yako. La pili: lililo halali mwaka huu laweza kukatazwa mwaka ujao; tumeona jinsi barua ya 2010 ilivyogeuzwa mwaka 2018, na amri ya 2018 ilivyovunjwa mwaka 2024. La tatu: mwenye shaka na amwulize mwanasheria wa jimbo lake kabla ya kununua, maana kuuliza si ujinga.

Nanyi vijana wa shule, mwenye akili hujiuliza zaidi ya «Je, sheria yakataza?» Hujiuliza pia: «Chombo hiki kina kazi gani?» Mwindaji hapigi swala kwa risasi 400 kwa dakika, wala mlinzi wa nyumba hawezi kujua ziangukiako risasi nyingi hivyo. Majaji wataendelea kubishana juu ya tendo moja la kifyatulio, na ndiyo kazi yao. Lakini kidole ni chako, na kila risasi itokayo utaulizwa wewe ilikwenda wapi. Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka.